Mtunzi, Mhusika na Hadhira katika Utafiti wa Pamoja: Mfano wa Zanzibar

Uhakiki wa fasihi umetuzoesha kuuliza maswali matatu kila tunapokabidhiwa utungo: nani ameutunga, nani anasemwa ndani yake, na umetungwa kwa ajili ya nani. Maswali haya hufundishwa katika skuli zetu za sekondari, na hapana mwalimu wa Kiswahili asiyeyajua. Katika makala hii tumekusudia kuyauliza maswali hayo hayo juu ya maandishi ya aina nyingine, ambayo si kawaida kuyaona mikononi mwa mhakiki, nayo ni ripoti na makala za utafiti unaofanywa kwa ushirikiano, kwa fedha za umma, katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Tunaposema fedha za umma hatukusudii fedha za Serikali zetu peke yake. Fedha zitolewazo na mashirika ya serikali ya Sweden au ya Denmark nazo ni kodi za watu, na zinapofika kwetu huja kwa jina la umma wa huku.

Huenda msomaji akatupinga mapema, akasema kwamba ripoti ya sayansi si hadithi wala utenzi, haina fani ya kuchambuliwa. Kinachotakiwa ni ukweli wake tu. Hatukubaliani naye. Ripoti ina fani, tena fani kali kuliko ile ya utenzi: ina muhtasari, ina jedwali, ina sehemu ya mbinu, ina mjadala, na mwishoni ina mistari michache ya shukrani. Mpangilio huo ndio unaoamua nani atasema kwa sauti yake mwenyewe na nani atasemewa. Na lugha inayochaguliwa ndiyo inayoamua nani ataisoma. Mambo haya mawili ni ya fani, lakini athari yake iko katika maudhui, na hata katika chungu cha mtu wa pwani, kama tutakavyoona.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko umri wa vyuo vyetu. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikigharimiwa na serikali nne za wakati ule, yaani za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa kipimo chochote ule ulikuwa utafiti wa pamoja wa fedha za umma. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, basi kisiwa kikatoa lugha. Lakini katika miaka ya mwanzo waliokaa mezani walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu. Mtu wa Unguja alikuwa mhusika, tena mhusika mkuu, wala hakuwa mtunzi. Hatuidharau kazi ile. Kamusi alizozisimamia Frederick Johnson zimetusomesha sote, na ni haki tuseme jambo moja ambalo husahauliwa: kabla ya zile za Kiingereza za mwaka 1939, mwaka 1935 ilitolewa kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili. Yaani hata katika zama za ukoloni alitokea mtu aliyeona kwamba mwenye lugha naye ni msomaji. Iko miradi ya zama zetu, yenye mashine na magari na semina za hotelini, ambayo bado haijafika hapo.

Kamati ile ilizaa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1964 kimekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar yenyewe ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwaka 1979, na katika miaka hiyo hiyo visiwa hivi vilikuwa makao ya EACROTANAL, kituo cha nchi za Afrika ya Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi kilichoshughulikia mapokeo ya simulizi na lugha za Kiafrika. Kituo hicho hakipo tena. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kazi mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2009 kikaipokea Taasisi ya Kiswahili ikawa sehemu yake. Ni chuo kidogo cha visiwani. Karibu kila utafiti wake mkubwa hauna budi kufanywa pamoja na wengine, kwa kuwa fedha, mashine na mara nyingine hata wasimamizi wa wanafunzi hutoka nje. Hilo si aibu. Vyuo vya visiwa vingi duniani viko hivyo. Tunalouliza ni masharti ya ushirikiano huo.

Hebu tuutazame mfano ambao tunaujua vizuri kuliko mingine, nao ni mwani. Mwani wa porini uliokotwa pwani zetu na kuuzwa nje katikati ya karne iliyopita. Tangu miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiandika na kuhimiza ulimwe badala ya kuokotwa tu, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje ikiwa miongoni mwa vijiji vya kwanza. Mbegu zilitoka Ufilipino, za aina mbili ambazo wakulima wamezizoea kwa majina ya kibiashara, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei kubwa. Katika miaka iliyofuata wakulima walifika yapata 20,000, na wengi wao ni wanawake.

Kazi ya mwani ina kalenda yake, na kalenda hiyo ni ya Kiswahili. Mama wa Paje hendi shambani kwa Jumatatu na Jumanne. Huenda kwa bamvua, mwezi unapoandama na unapopea, maji yanapotoka mbali na kuacha mchanga wazi. Wakati wa maji mafu hukaa nyumbani akifunga mbegu katika kamba au kukausha alichovuna. Anajua kaskazi huleta nini na kusi huleta nini, anajua kipande kipi cha pwani hubakisha dimbwi linalochemka jua la mchana. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Hii ni elimu, tena ni elimu iliyopangika, na hapana mtafiti yeyote wa mwani aliyeweza kuanza kazi yake bila kuazima humo.

Kuanzia mwanzoni mwa karne hii cottonii ilianza kufa. Ilipata madoa meupe, ikalegea, ikakatika. Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo iko Zanzibar tangu mwaka 1978 ingawa ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ililichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, na msaada wa Sweden kwa sayansi za bahari ulikuwa mmoja wa mihimili ya kazi za taasisi hiyo. Matokeo yalionyesha kwamba maji ya kina kifupi yamepata joto kuliko yanavyostahimiliwa na mmea ule, na kwamba mmea uliodhoofishwa na joto hushambuliwa upesi na vijidudu. Mwaka 2006 uliundwa umoja wa kuwaunganisha watafiti, Serikali, wafanyabiashara na wakulima wa mwani. Akina mama wakafundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Dk. Flower Msuya na wenzake wakajaribu nyavu za mirija zinazowezesha cottonii kulimwa katika maji ya kina. Haya yote ni mema, na anayeyabeza hajui umaskini wa pwani.

Sasa tuyasome maandishi yaliyotokana na kazi za namna hii kwa macho ya mhakiki. Mtunzi ni kundi la wataalamu. Mhusika ni mkulima. Yeye huonekana kwanza katika sehemu ya mbinu, akiwa idadi ya waliohojiwa. Kisha katika jedwali, akiwa asilimia. Na mara ya mwisho katika shukrani, akiwa mwanakijiji asiye na jina. Maneno yake yamekwisha kufasiriwa. Bamvua limegeuzwa Kiingereza na halikurudi. Yale aliyoyasema juu ya maji kupata moto na pepo kubadilika, ambayo watafiti wenyewe wamekiri kwamba waliyasikia kwa wakulima, huwekwa chini ya kichwa cha mitazamo, na yale yaliyopimwa kwa kipimajoto huwekwa chini ya kichwa cha matokeo. Mpangilio huu unaweza kutetewa kisayansi, na hatusemi uvunjwe. Tunasema unafundisha kitu: kwamba mmoja ana mtazamo na mwingine ana ujuzi.

Na hadhira je? Hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote. Mkulima aliletewa ushauri kwamba cottonii ihamishiwe maji ya kina. Ushauri wenyewe ni sahihi. Lakini wengi wa akina mama wale hawajui kuogelea wala hawana mashua, na pwani yetu kwa muda mrefu imewahesabia bahari ya kina kuwa ni ya wanaume. Baadaye miradi mingine iliongeza vyombo na mafunzo ya kuogelea. Sisi twaamini kwamba kama ripoti za mwanzo zingetungwa kwa kukusudia kwamba msomaji wake wa kwanza ni mama mwenye kamba na vigingi, swali la kuogelea lisingengoja mradi wa pili. Lingejitokeza katika ukurasa wa kwanza, kwa sababu ndilo ambalo msomaji huyo angeliuliza. Hadhira humlazimisha mtunzi kufikiri. Mtunzi wa ngonjera anayejua kwamba atasimama mbele ya wakulima haandiki kama yule anayewaandikia majaji wa mashindano, na mtafiti naye ni hivyo hivyo.

Iko miradi ambayo matokeo yake hayakuhitaji msomaji. Kati ya mwaka 1994 na 1997 ndorobo waliangamizwa katika kisiwa cha Unguja kwa ushirikiano wa Serikali zetu na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Madume wa ndorobo walifugwa Tanga kwa maelfu, wakafanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kutoka angani. Majike wakapandwa na madume tasa, na kizazi kikakatika. Ndorobo wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Mfugaji hakulazimika kusoma lolote, kwani ng'ombe wake waliacha kufa kwa nagana na habari ikaisha. Lakini miradi ya aina hiyo ni michache. Mwani, misitu ya Jozani, samaki, maji ya visima, malezi, lugha yenyewe, haya yote yanategemea watu wafanye jambo kila siku kwa kuelewa, na mtu hawezi kuelewa kilichofungwa katika lugha asiyoisoma.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba kusema na watu kwa Kiswahili ni dawa ya kila ugonjwa. Uko mfano unaotukataza, na walimu wengi wanaukumbuka kwa kuwa uliingia madarasani mwao. Katika miaka ya 2010 ulifanywa Unguja na Pemba utafiti mkubwa wa kuutokomeza ugonjwa wa kichocho. Haukuwa mradi wa chuo chetu. Wizara ya Afya na maabara ya Wawi iliyofunguliwa mwaka 2000 ndizo zilizoshirikiana na wageni. Shehia ziligawiwa katika makundi matatu. Zote zilipata dawa mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili liliongezewa uangamizaji wa konokono. La tatu liliongezewa elimu ya kubadili mienendo. Elimu hiyo ilibuniwa pamoja na wanavijiji wenyewe. Walimu walifundishwa namna ya kuitoa, watoto wakatungiwa michezo ya kuchezwa mbali na maji ya mito na madimbwi, ikawekwa na siku maalumu ya kichocho. Huo kwa hakika ulikuwa utafiti ambao mhusika alipewa kalamu. Matokeo? Kichocho kilipungua sana katika makundi yote matatu, lakini hakikutokomea, na katika muda ule haikupatikana tofauti kubwa baina ya kundi lililoelimishwa na lililopewa dawa peke yake.

Mtu mwenye haraka atasema: basi elimu kwa Kiswahili haikufaa kitu. Sisi twasema hilo ni hitimisho la pupa. Mwenendo wa mtoto haubadiliki kwa mwendo wa kidonge, na ambaye nyumbani kwao hakuna bomba ataendelea kuoga mtoni hata akiyajua yote. Lakini tuache hilo. Linalotuhusu ni kwamba walimu walioibeba kazi ile, waliokuwa kwa muda watunzi pamoja na wengine, wana haki ya kuyasoma matokeo yake, mazuri na mabaya, na kuyajadili. Matokeo ya kina yalichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya nje. Mwalimu aliyefundisha mchezo wa kichocho katika skuli ya shamba alishiriki mwanzo wa hadithi. Mwisho wake akasimuliwa mwingine.

Tunazijua hoja zinazotolewa kutetea hali hii. Ya kwanza ni kwamba mhadhiri hapandi cheo kwa kuandika Kiswahili. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo nzito. Kijana aliyerudi na shahada ya uzamivu hupimwa kwa makala zilizotoka katika majarida ya ng'ambo. Ukurasa wa Kiswahili aliouandikia kijiji haumwongezei kitu. Basi lawama hatumtupii yeye. Tunawatupia wanaotunga kanuni za vyeo, ambao wengi wao ni watu wa hapa hapa, wanaozungumza Kiswahili kwa ufasaha barazani jioni.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hiyo haina uzito tena. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na limeshughulikia lahaja zetu pia. Chuo chenyewe hutoa shahada za juu za Kiswahili. Na palipo na pengo, pengo hilo halitazibwa na kamati inayokaa ofisini. Litazibwa na mtafiti anayelazimika kumweleza mkulima jambo jipya, akakuta kwamba mkulima ana neno lake. Kila ripoti isiyoandikwa kwa Kiswahili ni fursa moja ya kukuza lugha iliyopotea, na taifa linalojivuna kwa lugha yake halina udhuru mbele ya hilo.

Hoja ya tatu ni kwamba sharti limekwisha kutimizwa, kwa kuwa mtafiti atokaye nje hupata kibali cha Serikali na hutakiwa kukabidhi nakala ya kazi yake. Sharti ni zuri. Lakini nakala ya Kiingereza iliyo katika kabati ya mjini haijamfikia mtu wa Kiwengwa wala wa Micheweni. Ingeongezwa sentensi moja tu katika kibali, kwamba nakala iambatane na maelezo ya Kiswahili yanayosomeka na aliyemaliza kidato cha nne, na kwamba maelezo hayo yapelekwe kwa sheha na katika skuli ya mahali palipochunguzwa, mambo mengi yangebadilika bila gharama kubwa.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Tangu mwaka 2011 Denmark, kupitia Danida, ilikisaidia chuo chetu pamoja na vyuo vingine vya Afrika katika mpango wa kuviimarisha vyuo vikuu. Vijana walisomeshwa, usimamizi wa utafiti ulitengenezwa. Neno lililorudiwa katika mipango ya namna hii ni uwezo: kujenga uwezo, kukuza uwezo. Neno zuri, lakini mhakiki huuliza, uwezo wa kufanya nini? Uwezo wa kuandika makala itakayokubaliwa Copenhagen ni uwezo. Uwezo wa kusimama Paje chini ya mkungu na kuulizwa maswali na watu wanaoijua bahari, ukayajibu, nao ni uwezo, tena huu wa pili ni mgumu zaidi. Hesabu za miradi huhesabu ule wa kwanza tu. Hatuoni sababu ya bajeti yenye fungu la tiketi za ndege ikose fungu la mfasiri na la mchapaji.

Barabara iendayo Paje hupita Tunguu, ilipo kampasi kuu ya chuo. Katika skuli za upande ule wa mashariki wamo wanafunzi ambao mama zao na bibi zao wamelima mwani tangu mwaka 1989, na baadhi ya sare zao zilinunuliwa kwa fedha za cottonii. Ukurasa mmoja ungetosha kwa kuanzia. Ungeeleza joto la maji lilivyopimwa, bamvua kwa bamvua, na kwa nini spinosum imestahimili pale ambapo cottonii imeshindwa. Ungeeleza vijidudu vile ni vya aina gani. Ungeyataja waliyoyasema akina mama kabla ya kipimajoto kufika, na majina yao yangewekwa juu, pamoja na ya wataalamu, kwa wale watakaoridhia. Mwalimu wa biolojia angeutumia asubuhi, na mwalimu wa Kiswahili angeutumia mchana kufundishia ufahamu.